Dola 600 kwa Wiki: Marekani Ilivyotoa na Kuondoa Mafao ya Janga

Kila Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, Wizara ya Kazi ya Marekani hutangaza idadi ya watu walioomba mafao ya kukosa ajira kwa mara ya kwanza katika wiki iliyotangulia. Kwa kawaida takwimu hiyo huwashughulisha wachumi na wafanyabiashara wa hisa tu. Mapema Machi 2020 ilikuwa inazunguka kwenye laki mbili na kitu. Alhamisi ya tarehe 26 Machi ikatangazwa milioni 3.28. Rekodi ya awali, ya Oktoba 1982 wakati uchumi ulipodorora chini ya Rais Ronald Reagan, ilikuwa 695,000. Alhamisi iliyofuata ikatangazwa milioni 6.6.

Virusi vya korona vilikuwa vimefunga nchi ndani ya siku chache. Mhudumu wa mkahawa aliyehudumia wateja Jumapili, Jumanne alikuwa nyumbani, na mwajiri wake hakuwa amefilisika wala kumfukuza kwa kosa lolote: gavana alikuwa ametoa amri ya kufunga. Mwezi wa Aprili peke yake ulipoteza ajira milioni 20.5, na kiwango cha ukosefu wa ajira, kilichokuwa asilimia 3.5 mwezi Februari, kikafika asilimia 14.7.

Ili kuelewa yaliyofuata lazima turudi nyuma hadi tarehe 14 Agosti 1935, siku Rais Franklin Roosevelt aliposaini Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Waziri wake wa Kazi, Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani, alikuwa ameongoza kamati iliyoiandaa. Yeye na washauri wake waliogopa kwamba Mahakama Kuu ingeufuta mfuko mmoja wa taifa zima, kwa hiyo wakakubali mpango wa ubia: serikali kuu iweke masharti ya jumla, kila jimbo liendeshe mfuko wake, lipange kiwango chake na liamue nani anastahili. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje, na katika majimbo ya kusini hao kwa sehemu kubwa walikuwa watu weusi. Sheria ilipita, na kasoro zake zikapita nayo.

Miaka 85 baadaye Marekani haikuwa na mpango mmoja wa mafao. Ilikuwa nayo 53, ukihesabu majimbo 50, mji mkuu, Puerto Rico na Visiwa vya Virgin. Massachusetts iliweza kumlipa mtu hadi dola 823 kwa wiki, lakini Mississippi haikuvuka dola 235. Majimbo mengi yalilipa kwa wiki 26, ila Florida na North Carolina yalikuwa yameshusha muda hadi wiki 12. Dereva wa Uber, fundi anayejitegemea, msusi mwenye kiti chake saluni, hao hawakuwemo popote.

Florida ndiko udhaifu huo ulikoonekana hadharani. Tovuti ya jimbo ya kuombea mafao, iliyogharimu karibu dola milioni 77, ilizidiwa mara moja. Mtu alijaza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha mfumo ukamtupa nje na kumrudisha mwanzo. Simu hazikupokelewa. Ndipo jimbo likaamua kurudia karatasi. Tarehe 7 Aprili 2020 mji wa Hialeah, karibu na Miami, ulitangaza kwamba fomu zingegawiwa kwenye maktaba ya John F. Kennedy. Mji huo wakazi wake wengi wana asili ya Kuba, ni watu wa viwandani, hotelini na madukani. Walifika kwa mamia, magari yakajipanga mtaa baada ya mtaa, na waliokuja kwa miguu wakabanana mbele ya askari waliokuwa wakigawa fomu, barakoa usoni, mikono imenyooshwa. Serikali hiyohiyo iliyowaamuru wasikaribiane ndiyo iliyowasonganisha. Aliyefanikiwa kuondoka na fomu ilibidi bado aijaze, aipeleke kwa posta, kisha asubiri.

Wakati huo Washington ilikuwa imekwisha kuchukua hatua. Seneta Ron Wyden wa Oregon, wa chama cha Democratic, alitaka kila aliyepoteza kazi kwa sababu ya korona alipwe asilimia 100 ya mshahara wake. Waziri wa Kazi, Eugene Scalia, akajibu kwamba hilo halitekelezeki, kwa kuwa kompyuta za majimbo haziwezi kupiga hesabu ya mtu mmoja mmoja kwa kanuni mpya. Na hakuwa akitafuta kisingizio. Majimbo kadhaa yalikuwa bado yanaendesha mifumo iliyoandikwa kwa COBOL, lugha ya programu iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanzoni mwa Aprili gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alisimama mbele ya waandishi wa habari na kuomba watu wa kujitolea wanaoijua lugha hiyo.

Ikabidi kitafutwe kiwango kimoja kwa wote. Wastani wa mshahara wa wiki nchini ulikuwa karibu dola 970, na wastani wa mafao ya jimbo karibu dola 370. Tofauti yake ni dola 600. Hesabu hiyo fupi ndiyo iliyozaa kiasi kilichobishaniwa mwaka mzima.

Usiku wa tarehe 25 Machi, kabla ya kura ya mwisho, Seneta Ben Sasse wa Nebraska aliwasilisha marekebisho ya kuzuia mtu yeyote asilipwe zaidi ya mshahara aliokuwa akipata. Yalianguka kwa kura 48 kwa 48. Kisha Seneti ikapitisha muswada wote kwa kura 96 bila hata moja ya kupinga, na Rais Donald Trump akausaini tarehe 27. Thamani ya sheria nzima, iliyojulikana kama CARES, ilikuwa dola trilioni 2.2. Upande wa mafao ilikuwa na nguzo tatu: dola 600 kwa wiki juu ya mafao ya jimbo, mpango mpya kwa waliojiajiri na wa kazi za vibarua, hadi wiki 39, na wiki 13 za ziada kwa waliomaliza muda wao wa kawaida. Nguzo hizo mbili za mwisho ziliwekewa kikomo cha mwisho wa Desemba. Dola 600 zilipewa hadi 31 Julai 2020.

Tarehe hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kila kilichoharibika baadaye kilianzia hapo. Machi 2020 wabunge wengi walidhani miezi minne ingetosha janga kupita. Walifunga fedha kwenye kalenda. Hawakuzifunga kwenye idadi ya wagonjwa, wala kwenye hali ya ajira. Hata kalenda yenyewe haikupangwa vizuri: 31 Julai ilikuwa Ijumaa, lakini majimbo hulipa kwa wiki zinazoishia Jumamosi au Jumapili, kwa hiyo malipo ya mwisho yakawa ya wiki iliyoishia tarehe 25 au 26.

Fedha zilipofika zilibadilisha maisha. Chukua mfanyakazi wa Mississippi aliyekuwa akilipwa kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Mshahara wake ulikuwa dola 290. Kwa kanuni ya jimbo hilo mafao yake yangekuwa dola 145, nusu ya mshahara. Ukiongeza 600, alipata dola 745. Wachumi Peter Ganong, Pascal Noel na Joseph Vavra wa Chuo Kikuu cha Chicago walikokotoa kwamba robo tatu hivi ya waliostahili walikuwa wakipata zaidi ya mshahara waliopoteza. Takwimu hiyo iligeuzwa silaha. Kila aliyetaka mafao yakatwe aliinyanyua: watu wanalipwa wakae nyumbani.

Ndiyo, walilipwa wakae nyumbani. Aprili 2020 kukaa nyumbani kulikuwa ndiko kutii sheria. Na kuna walionyimwa nafasi hiyo. Kwenye kiwanda cha nyama cha Tyson mjini Waterloo, Iowa, walifanya kazi Wakongo wengi, wasemaji wa Kiswahili waliokimbia vita mashariki mwa nchi yao, bega kwa bega na Wabosnia na watu wa Burma. Kiwanda kilifungwa tarehe 22 Aprili na kufunguliwa tena 7 Mei. Idara ya afya ya kaunti iliripoti zaidi ya watu 1,000 walioambukizwa kati ya wafanyakazi wapatao 2,800. Katika wiki hizohizo jimbo la Iowa lilitangaza kwamba mfanyakazi atakayekataa kurudi mwajiri anapomwita kwa kuogopa tu maradhi atahesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari, na mafao yake yatakoma. Mimi sioni hapo uvivu wa kukemewa. Naona mtu aliyelazimishwa kuchagua kati ya pafu lake na kodi ya nyumba.

Mafao nayo hayakumfikia kila mmoja kwa wakati. Katikati ya Juni, mjini Frankfort, Kentucky, watu waliosubiri kwa miezi walipanga foleni nje ya makao ya serikali ya jimbo, wengine kwa saa nane, wakiwa na viti vya kukunja na miavuli, ili tu waonane uso kwa uso na ofisa wa kufungua jalada lao.

Tarehe 15 Mei Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha, kwa kura 208 dhidi ya 199, muswada wa kuendeleza dola 600 hadi Januari 2021. Seneti, iliyoshikwa na chama cha Republican chini ya Mitch McConnell, haikuugusa. Mwezi Julai Wyden na kiongozi wa Wademocrat katika Seneti, Chuck Schumer, walileta pendekezo ambalo kwangu ndilo lililokuwa la busara kuliko yote ya miaka hiyo miwili. Dola 600 ziendelee kikamilifu katika jimbo ambalo kiwango cha ukosefu wa ajira ni asilimia 11 au zaidi. Kila kikishuka kwa asilimia moja, zipungue dola 100. Na kikishuka chini ya asilimia 6, ziishe. Hakungekuwa na siku ya kuvizia. Jimbo lililopona lingeacha kulipwa na lililougua lingeendelea, bila kusubiri wabunge warudi kutoka likizo. Warepublican, kwa upande wao, walipendekeza tarehe 27 Julai kushusha hadi dola 200 kwa miezi miwili, kisha kuhamia asilimia 70 ya mshahara, ingawa kompyuta za majimbo zilikuwa zilezile. Hakuna lililopita. Watu wapatao milioni 25 wakapoteza dola 600 kwa wiki kwa mkupuo mmoja.

Taasisi ya utafiti ya benki ya JPMorgan Chase ilifuatilia akaunti za wateja waliokuwa hawana kazi. Kuanzia Machi hadi Julai akiba yao ilikaribia kuongezeka maradufu. Mwezi wa Agosti peke yake walitumia theluthi mbili ya nyongeza ile. Waliosemwa kuwa wanafuja fedha za serikali walikuwa wameweka akiba, na akiba hiyo ikaliwa na mwezi mmoja wa siasa.

Tarehe 8 Agosti Trump alisaini agizo la kuchukua hadi dola bilioni 44 kutoka mfuko wa maafa, ule unaotumika baada ya vimbunga na mafuriko, ili walipwe dola 300 kwa wiki. Kila jimbo ilibidi liombe na kutengeneza upya utaratibu wa kulipa. South Dakota lilikataa. Kwingine fedha zilitosha wiki sita hivi, na watu wengi walizipokea Septemba au baada yake, kwa wiki zilizokwisha kupita.

Ikaja Desemba na kikomo cha pili. Kwa makadirio ya taasisi ya Century Foundation, watu wapatao milioni 12 walikuwa wanakaribia kupoteza kila kitu tarehe 26, siku moja baada ya Krismasi. Bunge likapitisha sheria mpya tarehe 21. Kesho yake Trump akaisema vibaya, akitaka hundi za mara moja kwa wananchi ziwe dola 2,000 badala ya 600, kisha akaenda Florida. Krismasi ikapita. Tarehe 26 ikapita. Jumapili usiku tarehe 27 akasaini. Kwa ofisi za majimbo hiyo haikuwa siku moja tu: mifumo ilikuwa imekwisha kuzimwa, ikabidi iandikwe upya kwa masharti mapya, na katika majimbo kadhaa watu walisubiri hadi Januari na Februari. Nyongeza sasa ilikuwa dola 300, na kikomo kipya kilikuwa 14 Machi 2021.

Mara ya tatu ilikuwa chini ya Rais Joe Biden. Baraza la Wawakilishi lilipitisha dola 400. Tarehe 5 Machi Seneti ilisimama kwa saa nyingi huku viongozi wakimbembeleza mtu mmoja, Seneta Joe Manchin wa West Virginia. Yaliyopatikana: dola 300 hadi 6 Septemba, na msamaha wa kodi kwa dola 10,200 za kwanza za mafao ya 2020 kwa wenye kipato cha chini ya dola 150,000. Kura zikawa 50 kwa 49. Biden akasaini tarehe 11, zikiwa zimebaki siku tatu.

Kufikia hapo chanjo zilikuwa zinatolewa na mikahawa inafunguliwa, na malalamiko ya waajiri yakapanda: watu hawaji kazini. Tarehe 4 Mei gavana wa Montana, Greg Gianforte, alitangaza kwamba jimbo lake litajitoa mwishoni mwa Juni na badala yake litampa dola 1,200 kila atakayerudi kazini. South Carolina ikafuata baada ya siku mbili. Tarehe 7 Mei ikatoka ripoti ya ajira za Aprili: wachumi walitazamia nafasi milioni moja mpya, zikapatikana 266,000. Magavana waliokuwa wakisitasita wakapata hoja. Jumla ya majimbo 26 yakatangaza kukata mafao ya janga kabla ya wakati, 25 kati yake yakiwa na magavana wa Republican. La 26 lilikuwa Louisiana, ambalo gavana wake wa Democratic, John Bel Edwards, alikubali kujitoa mwisho wa Julai kwa sharti kwamba mafao ya kudumu ya jimbo, yaliyokuwa na ukomo wa dola 247, yaongezwe dola 28. Alaska, Iowa, Mississippi na Missouri yaliongoza, tarehe 12 Juni. Huko Indiana na Maryland wasiokuwa na kazi walikwenda mahakamani, na majaji wakaamuru malipo yaendelee.

Basi nusu ya nchi ilikata na nusu ikaendelea kulipa, jambo ambalo lilifanya swali la uvivu liweze kupimwa kwa macho. Wachumi kadhaa, miongoni mwao Arindrajit Dube, Suresh Naidu na Michael Stepner, walichunguza akaunti za benki za wasiokuwa na kazi pande zote mbili. Hadi mwanzoni mwa Agosti, kwa kila watu wanane walionyang'anywa mafao, mmoja alikuwa amepata kazi kwa sababu hiyo. Kwa wastani walipoteza dola 278 za mafao kwa wiki, wakaongeza dola 14 tu za mshahara, na wakapunguza matumizi kwa dola 145. Magavana hawakukosea kwa yote: yuko mmoja aliyesukumwa kurudi kazini. Lakini saba walibaki bila kazi na bila fedha, na maduka ya majimbo yao yakakosa wateja.

Aliyetetea mafao haya hana budi kukubali pia kwamba yaliibwa sana. Mpango wa waliojiajiri ulianza kwa kumwamini mwombaji kwa neno lake tu. Uthibitisho wa kazi uliingizwa kwenye sheria ya Desemba. Matapeli wa ndani na wa nje walitumia majina na namba zilizoibwa. Novemba 2020 waendesha mashtaka wa California walifichua maelfu ya maombi yaliyofanywa kwa majina ya wafungwa, wakiwemo waliohukumiwa kifo. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali kuu ilikadiria mwaka 2023 kwamba wizi ulikuwa kati ya dola bilioni 100 na 135. Ni fedha za kutisha. Chanzo chake ni kilekile kilichozaa foleni ya Frankfort: mifumo iliyoachwa ikaoza kwa miaka mingi kwa sababu waliokuwa wakiitegemea hawakuwa na sauti.

Julai na Agosti 2021 kirusi cha Delta kilijaza hospitali upya, hasa za kusini. Tarehe 19 Agosti Waziri wa Fedha Janet Yellen na Waziri wa Kazi Marty Walsh waliliandikia Bunge barua: dola 300 zingeisha kama ilivyopangwa, ila majimbo yenye ukosefu mkubwa wa ajira yangeweza kutumia fungu lao la dola bilioni 350 za msaada wa janga kuendeleza mipango mingine. Hakuna jimbo lililofanya hivyo. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikafuta pia zuio la kuwafukuza wapangaji lililowekwa wakati wa janga.

Tarehe 6 Septemba 2021 ilikuwa Jumatatu, sikukuu ya wafanyakazi nchini Marekani. Siku hiyo zaidi ya watu milioni 7 walipoteza mafao yote. Wenye kazi walikuwa mapumzikoni. Hapakuwa na mjadala bungeni wala kura iliyopigwa.

Idara ya Sensa ilipotoa hesabu zake mwezi huo ilikuta kwamba mwaka 2020 mafao ya kukosa ajira yaliwazuia watu milioni 5.5 wasitumbukie kwenye umaskini. Ungedhani takwimu kama hiyo ingewasukuma wabunge kurudi kwenye pendekezo la kuifunga misaada kwenye hali ya ajira. Halijapita. Majimbo ndiyo yaliyotunga sheria, na kwa upande wa pili: Kentucky na Arkansas yaliruhusu muda wa mafao kushuka hadi wiki 12, na Iowa, kuanzia Julai 2022, ikashuka kutoka wiki 26 hadi 16. Mfanyakazi wa Waterloo atakayekutwa na janga lijalo ataanza na wiki 10 pungufu ya alizokuwa nazo Machi 2020.